Vinundu Vyeusi vya Kando ya Macho

Hakuna parokia isiyo na mama mwenye vinundu hivyo. Ni vidogo, vyeusi au vya rangi ya udongo uliochomwa. Vingine ni bapa, vingine vimeinuka kama chembe za pilipili manga zilizobandikwa usoni. Hukaa hasa mashavuni na kuzunguka macho, na pengine hushuka mpaka shingoni na kifuani. Haviumi wala havitoi usaha, na ni nadra viwashe. Mtu huona vichache angali kijana, na kadiri miaka inavyozidi navyo huzidi, hata akiwa bibi mwenye wajukuu anavyo kwa makumi. Wanaume pia huwa navyo, ila kwa wanawake huonekana zaidi.

Maneno yasemwayo juu yake ni mengi. Wengine husema ni alama ya ujane, kwa sababu wameviona kwa wajane, wakisahau ya kuwa wajane walio wengi ni wazee. Wengine hunong'ona juu ya laana. Wengine tena hudhani vinaambukiza, wakamkataza mtoto asilale kitanda kimoja na bibi yake, nalo ni jambo la kumsikitisha mzee bure. Juu ya hayo yote, siku hizi katika masoko ya miji yetu wako wachuuzi wanaozunguka na vichupa vya maji makali, wakiahidi kusafisha uso wa mtu kwa dakika tano. Basi kwa kuwa jicho likiharibika halinunuliwi dukani, nimeona vema tulieleze neno hili kwa utaratibu, ili kila mtu ajue lililo kweli kabla hajatoa fedha yake na uso wake.

NI KITU GANI?

Mganga aliyevieleza kwanza katika maandiko ya elimu ni Mwitalia, Aldo Castellani. Jina lake si geni katika habari za nchi zetu za maziwa makuu. Mwaka 1902 alitumwa Uganda pamoja na wenzake kutafuta asili ya ugonjwa wa malale, uliokuwa ukiangamiza watu kando ya ziwa Victoria. Naye ndiye aliyeona vijidudu viitwavyo tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1925, akiisha kusafiri Jamaika na Amerika ya Kati, aliandika juu ya vinundu hivi alivyoviona katika nyuso za watu weusi wa huko. Aliviita dermatosis papulosa nigra. Mwanafunzi aliyeonja Kigiriki na Kilatini hataliogopa jina hilo: derma ni ngozi, papula ni kipele, nigra ni nyeusi. Waganga, kama mapadre wa zamani, hupenda Kilatini. Lakini mara nyingi jina refu halina siri yo yote ndani yake.

Ngozi ya mtu ina tabaka. Ile ya juu kabisa ni nyembamba, na chini yake ipo nyingine nene yenye mishipa ya damu. Kinundu cheusi ni mahali ambapo ile tabaka ya juu imeongezeka unene na kujaa rangi, basi. Hakina mizizi iingiayo mwilini. Si saratani, wala hakigeuki kuwa saratani. Hakina mdudu ndani yake, kwa hiyo hakiwezi kumrukia mtu mwingine kwa kugusana, kwa kutumia kitambaa kimoja, au kwa kubusiana. Huja kwa urithi: wenye vinundu hivi karibu nusu yao wana ndugu wa damu walio navyo vile vile, na wataalamu wameona ndani yake mabadiliko katika jeni ziongozazo kukua kwa ngozi. Huko Marekani imehesabiwa kuwa hata watu 35 kwa kila Waamerika weusi 100 wanavyo. Jambo liwapatalo watu wengi namna hiyo ni shida kuliita laana.

Kwa hiyo mwenye vinundu hivi anaweza kuviacha maisha yake yote, asipate dhara hata moja. Neno hili lapasa kusemwa kwanza, kabla ya neno lo lote la kuviondoa. Zahanati njema hulisema kwanza pia. Ile isiyolisema ina haraka ya kupokea fedha.

SI KILA KINUNDU NI HICHO

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko watu wadhanivyo. Anayejitia kuchoma kila kitu kilichoinuka karibu na jicho hajui anachoma nini.

Viko vipele vyeupe, vidogo kama punje za mtama, vigumu kidogo. Ni vifuko vya takataka za ngozi yenyewe. Watoto wachanga huzaliwa navyo mara nyingi, navyo hutoweka vyenyewe baada ya majuma machache, wala mama hana haja ya kuvikamua. Kwa mtu mzima mwuguzi huvifungua kwa ncha ya sindano safi. Viko vingine vyenye rangi ya ngozi yenyewe, chini ya kope, vitokanavyo na mifereji ya jasho. Hivyo hukaa ndani zaidi, na ni vigumu kuviondoa bila kuacha alama. Tena viko vibao vya manjano karibu na pua, kwenye kope. Aliye navyo apimwe mafuta ya damu yake, maana pengine yamezidi, na mafuta hayo huziba mishipa ya moyo. Huyo akienda kuondolewa vibao tu, ni kama mtu azimaye taa ya hatari katika motokaa huku akiendelea na safari.

Kwa watoto wa shule huonekana mara nyingi vipele laini, vya kung'aa, vyenye kishimo katikati kama kitovu. Hivyo vina kirusi, navyo huambukiza kwa kugusana na kwa kutumia taulo moja. Walakini kwa mtoto mwenye afya huisha vyenyewe, ingawa kwa miezi mingi. Lakini vikimtokea mtu mzima vingi usoni na katika kope, mganga mwenye busara atamshauri apimwe damu kwa ajili ya UKIMWI, kwani mwili uliopungukiwa na nguvu za kujikinga huvipata kwa wingi. Mtu akivichoma kwa mchuuzi amefunika alama, na ugonjwa wenyewe unaendelea. Naye mwenye UKIMWI akianza dawa mapema huweza kuishi miaka mingi na kulea watoto wake. Ndiyo sababu alama hiyo haipasi kufunikwa.

Na kinundu kinachokua haraka, kinachotoa damu bila kuguswa, kinachokuwa kidonda kisichopona, au kinachokula ukingo wa kope na kuangusha nywele zake, hicho kionwe na mganga bila kukawia. Ndugu zetu wenye ualbino waliangalie neno hili kuliko wote, kwa kuwa jua huwaletea saratani ya ngozi hata wangali vijana. Hali kadhalika vinundu vikizuka vingi kwa ghafula katika majuma machache, huku vikiwasha, visidharauliwe.

MAJI MAKALI YA SOKONI

Nimemwona mama mmoja, muuza ndizi, ambaye watoto wa mtaani walikuwa wakimwita Mama Pilipili. Utani wa watoto huanza kama mchezo, kisha hukaa moyoni mwa mtu kama mwiba. Wifi yake naye alikuwa akimwambia kuwa uso wa namna ile ndio uliomfukuza mume. Siku moja alimpa mchuuzi faida yake ya siku tatu. Yule mtu alichovya kijiti katika kichupa, akagusa vinundu kimoja kimoja. Chini ya jicho la kuume tone lilishuka. Mama alilia, akaambiwa avumilie, ati dawa inafanya kazi.

Jicho lenyewe lilipona, kwa sababu jirani yake alimwagia maji safi muda mrefu, na hilo ndilo jambo la kwanza lipasalo kutendwa mara dawa kali iingiapo jichoni: maji safi mengi, kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Lakini ngozi ya chini ya jicho iliungua. Kovu lilipokauka lilijikunja, likaivuta kope chini, hata leo haifungi sawasawa. Machozi humtoka mchana kutwa, na usiku jicho hukauka. Kuirudisha kope mahali pake kwahitaji mganga mpasuaji wa macho, naye hapatikani kila mji.

Maji yale huwa asidi au magadi makali. Hayawezi kutofautisha kinundu na ngozi iliyo karibu nacho, hula yote. Wengine hutumia wembe, ambao jana ulimkata mwingine, na kwa njia hiyo huweza kugawa UKIMWI, homa ya ini na pepopunda. Wako pia wanaojipaka mafuta ya kung'arisha ngozi wakitumaini vinundu vitafifia. Matokeo yake ni kinyume: uso huwa mweupe-mweupe, vinundu vikabaki vyeusi, vikaonekana kuliko kwanza. Nayo mafuta mengine yana zebaki, nayo zebaki huharibu figo.

JE, NI DHAMBI KUJITENGENEZA USO?

Swali hili huulizwa na Wakristu wema, hasa akina mama wa shirika, ambao huona haya kutumia fedha kwa ajili ya sura. Si swali la kuchekwa. Baba Mtakatifu Pio XII alilijibu tarehe 4 Oktoba 1958, alipozungumza na waganga wa Italia wenye kazi ya kutengeneza maumbile ya mwili. Baada ya siku tano alifariki dunia. Hivyo tunaweza kusema ya kuwa hayo yalikuwa kati ya mafundisho yake ya mwisho.

Alifundisha kuwa uzuri wa mwili ni kitu chema, nao watoka kwa Mungu, ila uko chini ya mema yaliyo makubwa zaidi. Kazi ya kutengeneza sura haina ubaya kwa yenyewe. Hupimwa kwa nia ya mtu, kwa sababu aliyo nayo, na kwa hatari inayomkabili. Mtu akitaka tu kuwanasa wengine kwa tamaa, au akijigeuza sura ili akimbie hukumu, au akiharibu kiungo kizima kwa ajili ya anasa, huyo atenda vibaya. Lakini mwenye sababu ya haki, ambayo uzito wake walingana na gharama na hatari, halaumiwi.

Kwangu naona ya kuwa mama anayechekwa kila asubuhi njiani ana sababu ya haki. Vile vile mwenye kinundu kinachoning'inia juu ya kope kikamzuia kuona, au kinachokwaruzwa na miwani kikatoka damu. Walakini kuchukua ada ya shule ya watoto, au kukopa kwa riba, ili kuondoa kitu kisichodhuru, hapo uzito hauko sawa. Nalo ni jambo la kusemezana mume na mke, si la kufichana. Mume asiyetaka kutoa fedha asimdhihaki mkewe pia, achague moja.

KATIKA ZAHANATI

Sasa tuangalie kazi ifanywavyo na mtu aliyefundishwa. Mama mmoja mshonaji, mwenye miwani, alikwenda katika zahanati ya masista. Sista mwuguzi hakushika chombo cho chote kwanza. Alimketisha penye mwanga wa dirisha, akaviangalia vinundu kwa kioo cha kukuza.

«Mama, vilianza lini?»

«Sista, nilikuwa msichana bado. Mama yangu mzazi alikuwa navyo.»

«Kuna kilichobadilika karibuni? Kilichotoa damu?»

«Hiki tu, Sista, kinachoguswa na miwani.»

«Ukiumia, kovu lako huvimba?»

Mama akaonyesha alama ya chanjo mkononi, ilikuwa tambarare. Swali hilo ni la maana sana kwetu. Wako watu ambao kovu lao huinuka na kupanuka kupita jeraha lenyewe, nao wanaweza kubadilisha kinundu kidogo kwa uvimbe mkubwa. Sista aliuliza tena kama ana kisukari, kama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na kama ana kifaa cha umeme cha kuongoza moyo, maana mwenye kifaa hicho hatendewi kwa umeme bila shauri la mganga wake.

Njia ni kadha wa kadha. Kinundu chenye shina jembamba hukatwa kwa mkasi mdogo uliochemshwa kwa mvuke. Kilicho bapa hukwanguliwa kwa kijiko kidogo chenye makali, au huguswa kwa sindano ya umeme wa nguvu ndogo mpaka kigeuke kijivu, kisha hupanguswa kwa kompresi. Katika hospitali za miji mikubwa ya ulimwengu hutumia pia miali ya leza. Iko na njia ya baridi: nitrojeni iliyogeuzwa maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hiyo husifiwa sana kwa ngozi za Wazungu, lakini kwetu yataka hadhari kubwa. Chembe zitengenezazo rangi ya ngozi ni dhaifu mbele ya baridi. Hufa penye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri, kabla chembe nyingine hazijadhurika. Hivyo kinundu cheusi huondoka na mahali pake hubaki doa jeupe, pengine kwa miaka. Mtu mweusi akiambiwa atatendewa kwa baridi usoni, na aulize vizuri.

Kwa njia zote kanuni ni moja: mkono mwepesi. Kwa kuwa kinundu kimekaa katika tabaka ya juu tu, hakuna haja ya kuchimba. Afadhali kibaki kidogo, kirudiwe siku nyingine, kuliko kuingia chini na kuacha kovu. Ndiyo sababu mwuguzi mwenye busara huondoa kimoja au viwili kwanza, mahali pasipoonekana sana, akangoja majuma kadhaa aone ngozi ya mtu huyo hupona namna gani.

Sista alimpaka mama dawa ya ganzi yenye lidokaini, akaiacha kama saa moja. Karibu na kope hakuipaka, kwa sababu dawa hiyo ikiingia machoni huumiza kioo cha jicho; hapo alitumia sindano nyembamba. Alimfunika macho, akaanza. Umeme ulikatika mara moja, kama kawaida ya kwetu, wakangoja mashine ya petroli iwashwe. Kinundu kilichokuwa kikitoka damu hakukitupa. Alikitia katika kichupa cha dawa kipelekwe kwa waganga wa darubini wakichunguze. Jibu lilikuja: hakina neno.

Baada ya kazi huwa na magaga madogo meusi. Yasibanduliwe kwa ukucha. Huanguka yenyewe kwa muda wa juma moja au siku kumi. Mahali hapo paoshwe polepole kwa maji safi na sabuni laini, pakapakwa vazelini kidogo, wala pasipakwe majivu, dawa ya meno, wala mafuta ya kung'arisha. Jua ni adui wa ngozi mpya, maana huifanya iwe nyeusi kuliko ile ya kandoni. Basi kofia pana au kitambaa kichwani kwa miezi miwili mitatu. Hata hivyo doa jeusi huweza kubaki miezi kadhaa kabla halijafifia, na mtu aambiwe mapema asije akadhani ameharibiwa. Pakivimba, pakitoka usaha, au kope likianza kuvutwa, arudi siku ile ile. Tena ajue ya kuwa kilichoondolewa chaweza kisirudi, lakini vingine vitazaliwa kandoni, kwa sababu urithi haukatwi kwa mkasi.

Bei hutofautiana mahali na mahali. Mtu aulize kabla ya kulala kitandani, aulize pia kama ni kwa kila kinundu au kwa uso mzima, akaombe na hati ya malipo.

Mama mshonaji aliondolewa vya kando ya macho vyote na vya shavu la kuume. Miezi mitatu baadaye Sista alimwuliza kama yuko tayari kwa shavu la kushoto. Akajibu ya kuwa mwaka wa shule umekaribia, na watoto watatu wanahitaji madaftari na viatu, basi lingoje. Mpaka leo shavu la kushoto lina vinundu vyake kumi na viwili, na miwani haimwumizi tena.